Doa sugu kwenye bodi ya gari: mafuta ya nazi, siki, udongo au kompaundi? Ulinganisho kwa wenye magari Mombasa

Ukiuliza dawa ya doa kwenye duka la vipuri, utapewa mkebe wa kompaundi, ile krimu ya kukwangulia rangi. Vijana wanaoosha magari watakuletea petroli kwenye chupa ya soda. Nyumbani utaambiwa dawa ya meno. Kila mmoja amewahi kuona doa likitoka kwa dawa yake, na mkanganyiko unaanzia hapo, kwa sababu lami, chokaa ya maji ya kisima, chembe za kutu na mavi ya kunguru ni vitu vinne tofauti. Kinachoyeyusha kimoja hakigusi kingine. Petroli haitoi chokaa hata ukimwaga tangi zima. Siki haitoi lami. Kompaundi hutoa karibu vyote, lakini ni kwa kuwa haichagui: inakwangua doa pamoja na rangi iliyolibeba.

Kwa hivyo tumezipanga dawa doa kwa doa, si kwa umaarufu wake. Msimamo wetu tunausema mapema: anza na iliyo dhaifu, ipe muda, na upande ngazi pale tu inaposhindwa.

## Doa liko juu, au limeshakula?

Rangi ya kiwandani ina praima, juu yake rangi yenyewe, na juu kabisa tabaka angavu lisilo na rangi ambalo mafundi huliita klia. Klia hiyo kwa kawaida ni mikroni 40 hadi 50. Unywele wa kichwani ni kama mikroni 70. Ngao yote ya gari lako dhidi ya jua la pwani ni nyembamba kuliko unywele, na ukishaikwangua hairudi.

Osha sehemu yenye doa, ikaushe, kisha funika ncha za vidole kwa karatasi laini ya plastiki iliyofungia mkate na uzipitishe polepole juu ya doa. (Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, lakini karatasi ya mkate ipo jikoni kwa kila mtu.) Plastiki huzidisha hisia: kinundu ambacho kidole kitupu hakikihisi utakisikia kama chembe ya mchanga. Ukisikia vinundu, kitu kimekaa juu ya klia, na kazi ni kukiyeyusha au kukinyanyua. Ikiwa pamelainika kabisa lakini ukiinama na kutazama kwa upande unaona duara au kivuli, doa lenyewe limeshaondoka na unachokiona ni kovu. Hapo hakuna kimiminika kitakachokusaidia. Ukucha ukikwama kwenye ukingo wa kovu hilo, hata kompaundi haifai, maana itabidi ule klia yote kufikia chini yake.

Jaribio la pili ni la rangi. Magari mengi yanayozunguka mjini yameshapitia kwa fundi wa rangi angalau paneli moja, na rangi ya gereji huwa ya aina mbili: ya 2K, inayochanganywa na hadina (dawa ya kuigandisha), na ya NC, inayokauka kwa hewa peke yake. Lowesha kona ya kitambaa cheupe kwa thina kidogo, upanguse mara moja ukingo wa chini wa paneli ileile, mahali pasipoonekana. Kitambaa kikirudi na rangi, una NC. Basi thina, petroli na spiriti vyote ni adui wa paneli hiyo. Baki na sabuni, mafuta ya nazi na siki.

## Lami na utomvu

Sehemu hii ndiyo yenye dawa nyingi na ubishi mwingi. Barabara zinapochimbwa na kupanuliwa, kama ile ya kwenda Mtwapa au ile ya kuelekea Mariakani, lami mbichi hurushwa na matairi na kutua nyuma ya magurudumu, chini ya milango na kwenye bampa ya nyuma. Baada ya siku mbili za jua nukta zile huwa ngumu kama peremende. Lami ni masalia ya mafuta ghafi, kwa hivyo inayeyushwa na mafuta mwenzake. Sabuni na maji hupita juu yake tu.

| Dawa | Iache ikae | Nguvu kwa lami | Hatari kwa rangi |
|---|---|---|---|
| Mafuta ya nazi au ya kupikia | dakika 15–20 | ndogo, hufaa lami changa | hakuna |
| Mafuta ya taa | sekunde 30–60 | nzuri | ndogo. Huvimbisha raba |
| Dawa ya lami ya dukani | dakika 1–3, fuata kibandiko | nzuri sana | ndogo |
| Petroli | haikai, inaruka | nzuri kwa muda mfupi | ya wastani. Moto ni hatari kubwa |
| Thina | usiiache | kali kupita kiasi | kubwa |

Mafuta ya nazi huwachekesha mafundi, lakini kila aliyewahi kupasua fenesi anaelewa: unapaka mafuta mikononi na kwenye kisu kwanza, ulimbo usishike. Ni kanuni ileile. Joto la Mombasa linasaidia, kwa kuwa mafuta hayo huganda chini ya nyuzi 24 hivi na hapa mchana hayagandi ng'o. Bandika kipande cha pamba kilicholowa juu ya nukta, ukiache robo saa, kisha upanguse. Lami ya jana itatoka. Ya mwezi uliopita italainika juu tu, na hapo ndipo utakapopanda ngazi.

Kwa nukta ngumu tunachagua mafuta ya taa. Tumia fulana kuukuu ya pamba. Lowesha sehemu ndogo, uibandike juu ya nukta kwa vidole viwili na usisugue. Hesabu hadi arubaini. Ukiinua utaona mchirizi wa kahawia, rangi ya kahawa chungu, ukianza kushuka kutoka kwenye nukta. Hapo panguza mara moja kuelekea upande mmoja, ukunje kitambaa upate sehemu safi, kisha urudie. Wengi wanakosea hapahapa: wanasugua kwa duara na sehemu ileile chafu, na ndani ya lami mna punje za kokoto zilizosagika. Asubuhi yake wanakuta mikwaruzo ya duara na kusema mafuta ya taa yameharibu rangi.

Mafuta ya taa huacha utando unaovuta vumbi, na nta yoyote iliyokuwepo huondoka nayo. Ukimaliza nukta za paneli moja, ioshe kwa shampuu ya gari kabla hujahamia nyingine. Yasiguse raba za milango wala mipira ya vioo.

Petroli inapendwa kwa kuwa ipo tangini na matokeo yake yanaonekana upesi. Lakini kwenye boneti yenye joto inaruka kabla haijaingia ndani ya lami, kwa hivyo mtu huongeza, husugua na kuongeza tena. Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kushika moto mpaka yafike kama nyuzi 38. Petroli hutoa mvuke huo hata kwenye baridi ya nyuzi arubaini chini ya sifuri. Kando ya jiko la mama wa viazi karai, hiyo si tofauti ya vitabuni. Na petroli ina benzini, inayopenya ngozini ukiishika kila siku bila glavu.

Dawa ya lami ya dukani inaishinda mafuta ya taa kwa jambo moja: nyingi zinaoshwa kwa maji, haziachi utando. Kama gari zima limetapakaa nukta, chupa moja inafaa bei yake. Kwa nukta kumi chini ya mlango, ni kununua panga la kukatia kitunguu.

Thina tumeiweka kwenye jedwali kwa kuwa watu wanaitumia. Kwenye rangi ya NC inang'oa hadi praima kabla hujamaliza kushangaa. Kwenye 2K au rangi ya kiwandani, mpanguso wa haraka unaweza kupita salama, ila ikikaa inalainisha klia na kuifanya iwe na ukungu. Ikidondokea taa za mbele za plastiki, zitapata mtandao wa nyufa usiotoka. Hatuipendekezi kwa doa lolote la bodi.

Utomvu wa mwembe au wa mkorosho hufuata njia hiyohiyo ukiwa mbichi: mafuta ya nazi, halafu sabuni. Ukishakuwa mgumu na kuwa rangi ya asali, mafuta hayatoshi. Chukua spiriti ya hospitali, ile isiyo na rangi, uiweke kwenye pamba, ishike juu ya tone kwa sekunde 20 hadi 30 na upanguse tone linapokuwa kama ubani uliotafunwa. Rudia mara tatu badala ya kuiacha dakika mbili kwa mpigo. Usilikwangue kwa ukucha wala kadi ya benki. Tone huvunjika na makali yake ndiyo yanayochora.

Majani ya mkungu ni habari nyingine. Yakilala juu ya gari jeupe yakiwa yamelowa, huacha alama ya rangi ya chai. Hilo si ulimbo, ni rangi ya majani yenyewe, na spiriti ni kupoteza spiriti. Maji ya vuguvugu, shampuu, kisha siki kama ilivyoelezwa hapa chini.

## Chokaa ya maji, na saruji

Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya jiwe la matumbawe. Maji ya kisima hupenya jiwe hilo na kubeba chokaa, na mengi yana chumvi juu yake. Ukiosha gari kwa maji hayo saa saba mchana, boneti nyeusi inayoweza kupita nyuzi 60 hukausha tone kabla kitambaa hakijafika. Maji yanapaa, chokaa inabaki, na unapata vile viduara vyeupe vinavyopotea gari likilowa na kurudi likikauka.

Chumvi ya bahari peke yake wala si doa. Wakati wa kusi, magari yanayolala karibu na ufuo huamka na utando wa chumvi, lakini maji matamu huuondoa bila dawa. Mwagia kwanza bila kugusa, kwa kuwa ndani ya utando mna mchanga. Chokaa ndiyo inayohitaji asidi.

Siki nyeupe ina asidi ya asetiki ya kama asilimia 5. Changanya nusu kwa nusu na maji kwenye chupa ya kupulizia. Paneli iwe ya baridi na kivulini. Lowesha kitambaa, kibandike juu ya viduara kwa dakika moja au mbili, panguza, suuza kwa maji mengi, kisha osha kwa shampuu. Chokaa changa utaisikia ikilegea chini ya kitambaa. Ikibaki, rudia mara moja bila kuongeza ukali.

Ndimu ina asidi ya sitriki, kwa hivyo inafanya kazi, na watu wa pwani hawaikosi. Shida yake ni kwamba hujui ukali wake: ndimu moja si sawa na mwenzake. Isitoshe ina sukari na nyama nyama zinazobaki kwenye mianya ya boneti na kualika sisimizi. Siki ya bei ya chai na mahamri inaishinda kwa usafi.

Dawa ya dukani ya viduara vya maji nyingi ni asidi pia, zikiwa na viungo vya kuifanya ing'ang'anie kwenye paneli iliyosimama wima. Zinafaa milango na vioo, mahali ambapo siki hutiririka kabla ya kufanya kazi. Soma kibandiko, kwani baadhi zimetengenezwa kwa kioo tu na hazitakiwi kwenye rangi.

Asidi ya vyoo huondoa chokaa kwa sekunde chache, na pamoja nayo mng'aro wa rimu, kromu ya grili na ngozi ya mikono yako. Ikigusana na dawa yoyote ya klorini, hutoa gesi yenye sumu. Siki nayo vilevile. Usiziweke kwenye ndoo moja hata kama ndoo "imesuuzwa".

Saruji inastahili aya yake, hasa kwa wanaoegesha karibu na viwanda, Bamburi ikiwa na kiwanda cha saruji tangu 1954, au jirani na mjengo wowote, na Nyali haikosi mjengo. Vumbi la saruji likiwa kavu ni msasa, na likipata umande wa usiku huanza kushika. Usilipanguse likiwa kavu. Lipige kwa mpira wa maji kutoka juu kwenda chini, na kama umechelewa na limeshika, funika kwa kitambaa kilicholowa siki nusu kwa nusu, ukiloweshe tena kila kinapotaka kukauka, dakika kumi kwa awamu. Baada ya kila awamu suuza na utoe kile kilicholegea tu. Tone nene la zege linaweza kuhitaji awamu sita. Fundi atakayekuambia analitoa mara moja ana patasi mfukoni au asidi ya vyoo nyuma ya mgongo.

## Nukta za kutu: udongo, au dawa inayogeuka zambarau?

Gari jeupe lenye nukta ndogo za kahawia, nyingi kwenye boneti na nyuma, halijaanza kuoza. Ni chembe za chuma kutoka breki, reli, au cheche za graynda ya gereji jirani, zilizojichomeka kwenye klia zikiwa moto au zikashika kutu hapohapo. Hewa ya bahari huharakisha kutu hiyo.

Udongo wa kusafishia rangi, ule unaouzwa kama kipande cha sabuni ndani ya kikopo, hunyanyua vinundu vyote bila kujali vimetoka wapi: chuma, mnyunyizo wa rangi ya geti, mabaki ya utomvu. Kipande cha gramu 50 kinatosha gari zima. Kipapase kiwe bapa kama kiganja, changanya kijiko kimoja cha chai cha shampuu ya gari kwenye lita moja ya maji, na ulowanishe eneo la sentimita 40 kwa 40. Pitisha udongo kwenda na kurudi kwa uzito wa mkono tu. Mwanzoni utausikia ukikwaruza. Ukinyamaza na kuteleza, eneo limekwisha. Kunja upande mchafu ndani. Ukianguka chini, utupe. Usiubembeleze wala kuuosha, mchanga ulioingia hautoki.

Joto ni adui wa udongo. Kwenye paneli ya moto hulainika kama ubani na kubaki umeng'ang'ania kwenye rangi. Fanya kazi hii kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni.

Dawa ya kutoa chembe za chuma hufanya kwa kemia kile ambacho udongo hufanya kwa nguvu. Ipulize kwenye paneli safi ya baridi, isubiri dakika tatu hadi tano, nayo itageuka zambarau palipo na chuma na kuanza kutiririka kama maji ya bitiruti. Ina harufu ya yai viza. Viungo vyake vikuu ni ndugu wa vile vya dawa ya kupemu nywele. Isikauke juu ya rangi. Suuza kwa maji mengi.

Tofauti yao ni hii: udongo hukata kichwa cha chembe na mara nyingi kuacha shina ndani ya klia. Gari linang'aa, unafurahi, na baada ya wiki kadhaa nukta ya kahawia inachungulia palepale. Dawa huyeyusha hadi shina, lakini haigusi rangi ya geti wala utomvu. Kwa nukta za kutu peke yake chagua dawa. Kwa mnyunyizo wa rangi chagua udongo. Vikiwa vyote, dawa kwanza, udongo baadaye, kwa kuwa chembe zilizobaki chache hazitakwaruza. Kwa gari jeusi jiandae: udongo huacha ukungu mwepesi wa mikwaruzo, na utahitaji polishi laini kumalizia.

## Kunguru

Kunguru wa Kihindi aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, na leo hakuna mti wa kivuli Mombasa asiokalia. Anakula chochote, kwa hivyo kinachotua kwenye boneti yako kina asidi ya mkojo pamoja na mchanga na vipande vya mifupa. Asidi peke yake si kali kiasi watu wanavyodhani. Kinachoumiza ni joto: mchana klia hulainika na kutanuka, mavi yanakauka juu yake, jioni klia inapoa na kujikunja huku imeshikwa na kile kigaga. Inaganda ikiwa imekunjamana. Ndiyo maana doa la asubuhi lililoondolewa kabla ya adhuhuri haliachi alama, na lile lililopigwa jua hadi magharibi huacha.

Kulitoa: lowesha kitambaa au karatasi ya shashi kwa maji ya vuguvugu yenye shampuu, lifunike dakika tano hadi kumi, kisha linyanyue kwa kubana, kama unavyookota kitu mezani. Usipanguze. Wala hakuna dawa ya dukani inayofanya vizuri kuliko hivyo.

Kovu likibaki, una njia nne.

Kuliacha ndilo chaguo ambalo watu hulisahau. Kovu hafifu kwenye paa la gari la kazi halioti kutu, halipanuki, na nta huliziba kidogo. Ukiwa na klia iliyokwisha kukwanguliwa miaka iliyopita, kuliacha ni busara kuliko kupolishi.

Polishi kwa mkono: sponji laini, tone la ukubwa wa njegere, eneo la kiganja, mistari ya kwenda na kurudi kwa dakika mbili au tatu, panguza, tazama kwa upande. Rudia mara mbili tatu. Inafaa kovu changa na moja moja. Mkono huchoka kabla ya klia, na hiyo ni faida yake.

Kompaundi ya mashine huondoa kovu lililokomaa, ila mashine zenyewe hazilingani. Ile inayozunguka huku ikitikisika ni mpole. Ukikosea inasimama au inachelewa. Ile ya kuzunguka tu, yenye sufi, ambayo ndiyo imeenea kwa mafundi, hukata haraka na kuchoma haraka. Hatari yake iko kwenye kingo na mistari ya bodi, mahali ambapo klia ni nyembamba zaidi. Kabla fundi hajawasha, hakikisha amebandika maskingi tepu kwenye kingo zote, paneli ni ya baridi, na anagusa kwa kiganja kila baada ya mizunguko michache. Pakiwa pa moto usipoweza kuweka kiganja, apumzike. Mwambie akuonyeshe sponji yake: ikiwa na rangi ya gari lako, ama gari halina klia ama klia imekwisha. Asimame. Mistari inayometa kama utando wa buibui juani baada ya kazi ni dalili kwamba aliishia kwenye kompaundi bila kupiga polishi laini.

Kupaka upya ni kwa kovu linaloshika ukucha, au klia iliyoanza kubanduka kama ngozi ya kitunguu. Omba 2K, si NC, na uelewe kwamba paneli mpya kando ya zile zilizopauka kwa jua itaonekana, hata namba ya rangi ikiwa sahihi, mpaka fundi achanganye akitazama gari lenyewe nje juani.

Dawa ya meno? Ni kompaundi hafifu ambayo hujui ukubwa wa punje zake. Kwenye kovu dogo huenda ikasaidia kidogo, na kwenye lami au chokaa haina kazi. Stilwaya ya sufuria na sabuni ya unga ya kusugulia hazijawahi kuwa na mahali kwenye bodi ya gari.

## Gari likiwa na vyote

Kuosha kwanza, kisha lami, kisha chembe za chuma, kisha chokaa, kisha udongo, na polishi mwisho. Suuza vizuri kati ya kila hatua, hasa baada ya mafuta ya taa, kwani dawa za maji hazishiki palipo na utando. Kama huna maji matamu ya kutosha, osha kwa ya kisima na uweke lita tano za maji ya mvua au ya bomba kwa suuzo la mwisho, paneli moja moja, ukikausha hapohapo.

Ukimaliza rangi iko uchi, kwa kuwa kila kitu hapo juu huondoa nta. Paka nta nyembamba siku hiyohiyo. Ya karnauba, inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mnazi huko Brazil, hukaa wiki kadhaa tu kwenye jua letu, ile ya kisasa ya sintetiki hukaa zaidi. Weka chupa ya maji yenye shampuu na kitambaa kimoja kwenye buti, kwa ajili ya kunguru wa saa nne.